Roli ngapi za karatasi ya ukutani zitatosha chumba? Hesabu mikanda, si mita za mraba

Ukiingia dukani kutafuta karatasi za ukutani, au wolpepa kama wengi wanavyoziita, muuzaji atakuuliza ukubwa wa chumba. Atachukua kikokotoo, azidishe mzunguko wa kuta kwa kimo, atoe mlango na dirisha, agawe kwa 5.3, yaani mita za mraba za roli moja, kisha akutajie idadi ya roli. Hesabu hiyo inafaa kwa rangi. Rangi iliyobaki kwenye kopo utaipaka popote. Karatasi hubandikwa kwa mikanda mizima inayoshuka kutoka darini hadi chini, na kipande cha mita moja na nusu kilichobaki mwisho wa roli hakiwi mkanda hata ukikiunganisha na vipande vingine kumi vya aina yake. Ndiyo maana watu huishiwa karatasi wakiwa kwenye ukuta wa nne, na wakirudi dukani wanakuta mzigo ule umekwisha.

Maswali ya kujibu ni mawili tu: chumba kinahitaji mikanda mingapi, na roli moja inatoa mikanda mingapi. Tutayajibu kwa chumba kimoja cha mfano, chenye kuta za mita 4.2 kwa 3.6, mlango wa upana wa sentimita 90 na urefu wa mita 2.1, na dirisha la mita 1.5 kwa 1.2.

Kupima

Tumia tepu ya chuma. Ya fundi cherehani huvutika. Pima kila ukuta peke yake kisha jumlisha: 4.2 + 3.6 + 4.2 + 3.6 ni mita 15.6. Usichukue vipimo vya ramani ya nyumba, kwa sababu ramani kwa kawaida huonyesha ukuta wa tofali kabla ya lipu, na lipu hula nafasi kila upande. Kama kuna nguzo iliyojitokeza, izungushie tepu na kuhesabu kila uso wake. Kama utabandika hadi ndani ya mdomo wa dirisha, pima na kina cha mdomo huo, maana nao unakula karatasi.

Mlango na dirisha usivitoe sasa. Tutavirudia.

Kimo ndicho kipimo kinacholeta hasara kubwa kikikosewa. Pima kuanzia juu ya skatingi (ukingo wa chini ya ukuta) hadi kwenye dari, au hadi kwenye urembo wa pembeni mwa dari kama upo. Pima sehemu tatu kwa kila ukuta, pembe mbili na katikati, kisha chukua kipimo kirefu kuliko vyote. Sakafu na dari za nyumba nyingi hazilingani, na tofauti ya sentimita mbili au tatu kati ya pembe moja na nyingine ni jambo la kawaida. Dari za jipsamu zenye ngazi na taa za kujificha zina mtego wake: ukuta mmoja unaweza kukutana na sehemu iliyoshushwa, ukuta wa pili ukapanda hadi juu kabisa. Hapo kila ukuta una kimo chake.

Chumba chetu kina kimo cha mita 2.70. Ongeza sentimita 10, tano za juu na tano za chini, ambazo fundi atazikata kwa kisu baada ya kubandika. Ukikata mkanda wa mita 2.70 kamili, dari ikipinda kidogo tu utaona mstari mweupe juu. Kwa hiyo mkanda wetu ni mita 2.80, na hiyo ndiyo namba tutakayoitumia mpaka mwisho.

Kusoma lebo

Roli hazilingani. Hizi ndizo utakazokutana nazo mara nyingi:

- Ya Ulaya: upana sentimita 53, urefu mita 10.05.
- Zinazofanana nayo kwa macho lakini ni fupi: upana sentimita 53, urefu mita 9.5 au 10 kamili.
- Pana za Korea: upana sentimita 106, urefu mita 15.6.
- Za kujibandika, zenye gundi nyuma: upana sentimita 45, urefu mita 10, na wakati mwingine mita 5.

Hizi za mita 5 ziangalie vizuri. Kwa mkanda wa mita 2.80, roli ya mita 5 inatoa mkanda mmoja na kipande cha mita 2.20 kisichofika chini. Roli mbili za mita 5 zinakupa mikanda miwili, lakini roli moja ya mita 10 inakupa mitatu. Bei nafuu ya roli fupi huishia hapo.

Walioko Marekani na Kanada wana jambo lao la kuangalia: karatasi nyingi huko hutajwa bei kwa roli moja lakini hufungwa na kuuzwa kwa roli mbili zilizounganika. Kabla ya kuagiza, hakikisha namba unayoandika ni ya roli moja au ya fungu la mbili.

Baada ya upana na urefu, tafuta alama za ua, yaani mchoro unaojirudia kwenye karatasi. Mshale wenye 0 pembeni maana yake hakuna ua la kulinganisha, na kila mkanda unabandikwa popote ulipokatwa. Mishale miwili inayotazamana kwenye mstari mmoja ina maana ua la mkanda huu linakutana na ua la mkanda wa jirani kwa usawa uleule. Mishale inayotazamana lakini mmoja uko juu na mwingine chini ina maana ua linapishana, na karibu yake utaona namba mbili kama 64/32. Ya kwanza ni mrudio, yaani sentimita ngapi zinapita kabla ua lilelile halijarudi tena. Ya pili ni kiasi ambacho mkanda wa jirani unashushwa.

Hesabu ya karatasi isiyo na ua

Mikanda inayohitajika: 15.6 ÷ 0.53 = 29.4. Panda hadi 30. Mkanda hauna robo.

Mikanda ndani ya roli: 10.05 ÷ 2.80 = 3.58. Hapa shuka hadi 3.

Roli: 30 ÷ 3 = 10.

Sasa linganisha na hesabu ya dukani. Kuta zina mita za mraba 42.12. Toa mlango (1.89) na dirisha (1.80), zinabaki 38.43. Gawa kwa 5.3 upate 7.25, yaani roli 8. Roli 8 ni mikanda 24, ambayo inafunika mita 12.7 za mzunguko wa mita 15.6. Muuzaji hakudanganya, kila roli inaacha mita 1.65 mwishoni ambazo kikokotoo chake kilizihesabu kama ukuta uliofunikwa.

Kwa karatasi pana ya Korea hesabu ni ileile: 15.6 ÷ 1.06 = 14.7, yaani mikanda 15. Roli inatoa 15.6 ÷ 2.80 = 5.57, yaani mikanda 5. Roli 3 zinatosha. Za kujibandika za mita 10: 15.6 ÷ 0.45 = 34.7, mikanda 35, mitatu kwa roli, kwa hiyo roli 12.

Kuna mpaka mmoja wa kukariri kwa roli ya mita 10.05. Mkanda ukiwa chini ya mita 2.51 unapata minne, ukiwa hadi mita 3.35 unapata mitatu, ukizidi hapo unapata miwili. Chati nyingi zinazochapishwa Ulaya zina safu za vyumba vya kimo cha mita 2.3 hadi 2.4, ambako roli hutoa mikanda minne. Vyumba vyenye dari ya mita 2.7 hadi 3 haviingii kwenye safu hizo. Anayenakili chati bila kutazama kimo hupungukiwa roli moja katika kila nne.

Ua linapoingia

Ua likirudi kila sentimita 64 kwa usawa mmoja, kila mkanda lazima uanzie sehemu ileile ya ua. Huwezi kukata mita 2.80, ukaendelea hapohapo na mkanda wa pili. Itabidi usogee hadi ua litakaporudi. Kwa hiyo gawa urefu wa mkanda kwa mrudio na upande hadi namba nzima: 2.80 ÷ 0.64 = 4.375, panda hadi 5, halafu 5 × 0.64 = mita 3.20. Kila mkanda unakula mita 3.20 za roli ingawa ukutani unaonekana wa 2.80. Sentimita 40 zinatupwa.

10.05 ÷ 3.20 = 3.14. Bado mikanda mitatu, bado roli 10. Kwa mikanda mizima ya chumba hiki ua halikuongeza roli hata moja. Limekula mabaki tu.

Lakini usijipe uhakika kwamba itakuwa hivyo kila mahali. Chukua kimo cha mita 3.15. Mkanda ni 3.25, karatasi isiyo na ua bado ingetoa mitatu. Ukiwa na mrudio wa sentimita 64, 3.25 ÷ 0.64 = 5.08, unapanda hadi 6, na mkanda unakula mita 3.84. Roli inatoa miwili. Kuta zilezile za mita 15.6 sasa zinahitaji roli 15 badala ya 10, kwa sababu ya sentimita tano tu zilizovuka mpaka. Mtu akiwa na kimo cha namna hii, ushauri wa kawaida ni kutafuta ua dogo, lakini si kila ua dogo linasaidia. Mrudio wa sentimita 32 ungeupeleka mkanda huo kwenye 11 × 0.32 = 3.52, na mikanda mitatu inahitaji 3.52 + 3.52 + 3.25 = 10.29, bado haiingii. Kati ya hizi tatu, karatasi isiyo na ua ndiyo inayookoa roli tano hapo.

Kuna kitu kingine ambacho hata mafundi wazoefu hukisahau wanapokadiria. Roli hazianzi zote kwenye sehemu moja ya ua. Moja inaanza katikati ya jani, nyingine kwenye shina. Kwa hiyo mwanzo wa roli unaweza kupoteza hadi mrudio mmoja mzima kabla ya kukata mkanda wa kwanza. Upande wa pili, mkanda wa mwisho kwenye roli hauhitaji kupandishwa hadi mrudio kamili, kwa sababu hakuna mwingine unaoufuata. Hesabu kamili ni hii: mrudio mmoja wa mwanzo, mikanda yote isipokuwa wa mwisho kwa urefu uliopandishwa, na wa mwisho kwa urefu wake halisi. Kwa chumba chetu: 0.64 + 3.20 + 3.20 + 2.80 = 9.84. Inaingia kwenye 10.05. Kwenye roli ya mita 9.5 haiingii kila mara, na roli zitakazoanza vibaya zitatoa mikanda miwili tu. Tofauti ya sentimita 55 kwenye lebo inaweza kukugharimu roli kadhaa.

Ile ya Korea yenye mrudio wa 64 inaonyesha jambo hilohilo vizuri zaidi. Mikanda mitano inahitaji 4 × 3.20 + 2.80 = mita 15.60, ambao ndio urefu wa roli kamili. Kwenye karatasi ya hesabu inatosha. Ukutani haitoshi, kwa sababu roli ingelazimika kuanza kwenye ua kamili bila sentimita moja kupotea. Hesabu mikanda minne, ununue roli 4.

Ua la kupishana

Wengi huliogopa ua la kupishana wakidhani linakula karatasi zaidi. Wakati mwingine linakula kidogo kuliko ua la usawa.

Chukua 64/32. Mkanda wa kwanza unaanza juu ya ua, wa pili unaanza nusu ya ua, wa tatu unarudi juu. Ukikata kwa kufuatana kutoka roli moja, umbali kati ya mwanzo wa mkanda na mwanzo wa unaofuata si mirudio mizima. Ni mirudio kadhaa na nusu. Mkanda wetu ni mirudio 4.375. Namba yenye nusu inayofuata ni 4.5, na 4.5 × 0.64 = mita 2.88. Mkanda unakula 2.88 badala ya 3.20, na mwisho wa roli unabakiwa na karibu mita moja na nusu, bila kuhesabu upotevu wa mwanzo.

Sasa weka kimo cha 2.95. Mkanda ni 3.05, yaani mirudio 4.77. Namba yenye nusu inayofuata ni 5.5, sawa na mita 3.52. Mikanda mitatu kutoka roli moja ingehitaji 3.52 + 3.52 + 3.05 = 10.09. Inapita roli kwa sentimita nne, na unabaki na miwili. Usikate hivyo. Fungua roli mbili kwa pamoja: ya kwanza itoe mikanda yote inayoanza juu ya ua, ya pili itoe yote inayoanza nusu. Ndani ya kila roli mikanda sasa iko umbali wa mirudio mitano mizima, mita 3.20, na 3.20 + 3.20 + 3.05 = 9.45. Mitatu imerudi. Upotevu wa mwanzo nao unapungua, kwa sababu roli mpya unaweza kuipeleka kundi lolote kati ya hayo mawili, kulingana na ua linaloanza karibu. Andika nyuma ya kila mkanda kwa penseli 1, 2, 3 na mshale wa juu, maana ukichanganya mafungu hutajua hadi mkanda uwe ukutani.

Kanuni basi: gawa mkanda kwa mrudio. Kama namba yenye nusu iko karibu zaidi kupanda, kata kwa kufuatana ndani ya roli moja. Kama namba nzima iko karibu zaidi, tumia roli mbili mbili.

Mlango na dirisha

Tukivirudia sasa, utaona kwa nini hatukuvitoa. Mlango wa sentimita 90 una upana wa mikanda 1.7. Kutegemea fremu inaangukia wapi, utaokoa mkanda mmoja mzima au usiokoe wowote, kwa sababu mkanda unaogusa fremu kwa sentimita chache bado unashuka pembeni hadi chini. Dirisha la mita 1.5 linaokoa mmoja, mara nyingi miwili. Jumla ni mkanda mmoja hadi mitatu kati ya 30.

Juu ya mlango na juu na chini ya dirisha bado panahitaji vipande. Kwa karatasi isiyo na ua, mabaki ya mita 1.65 yanafanya kazi hiyo: kipande kimoja kinatoa cha juu ya dirisha na cha chini yake. Kwa mrudio wa 64 wa usawa, hata roli iliyoanza vizuri, mabaki yenye ua linalolingana ni sentimita 45 tu, na juu ya mlango panataka 65 pamoja na nyongeza. Vipande hivyo vitatoka kwenye roli nzima. Kwa hiyo karatasi isiyo na ua, roli 10 zinatosha na akiba imo ndani. Yenye ua, nunua 11.

Makabati yaliyojengwa hadi darini, kwa upande mwingine, yatoe kwenye mzunguko tangu mwanzo.

Ukuta mmoja tu

Siku hizi wengi hubandika ukuta wa TV au wa kichwani mwa kitanda peke yake. Ukuta wa mita 4.2: 4.2 ÷ 0.53 = 7.92, mikanda 8, roli 3, unabaki mkanda mmoja wa akiba. Ila angalia unaanzia wapi. Ukitaka maungio ya mikanda miwili yaangukie katikati ya ukuta, kila upande unachukua minne na jumla ni 8. Ukitaka ua kubwa likae katikati kabisa, yaani katikati ya mkanda, unapata mmoja wa katikati na minne kila upande: 9. Roli ni 3 zilezile lakini akiba imekwisha, na mkanda mmoja ukichanika hakuna mwingine. Amua kabla ya kununua.

Picha kubwa zinazochapishwa kwa oda hazina hesabu ya roli. Taja upana na kimo kirefu kuliko vyote, ongeza sentimita 5 kila upande, na umwambie mchapaji kwamba nyongeza hiyo umeshaiweka, asije akaiongeza tena na kuisogeza picha.

Bechi

Kila roli ina namba ya bechi kwenye lebo, yaani kundi la roli zilizochapishwa kwa pamoja. Mitambo ikiwashwa siku nyingine, rangi hutofautiana kidogo. Mkononi huioni, ukutani mikanda miwili ikisimama pamoja unaiona mpaka mlangoni. Soma namba ya kila roli kabla haijatoka dukani, si ya sanduku la juu tu. Kama bechi ni mbili na hakuna njia nyingine, usizichanganye ndani ya ukuta mmoja: badilisha kwenye kona, ambako mwanga huangukia kuta mbili kwa namna tofauti na jicho husamehe.

Kwa sababu hiyo roli ya ziada ni rahisi kuliko roli inayokosekana. Kubaliana na muuzaji kabla ya kulipa kwamba roli isiyofunguliwa itarudi, na aandike kwenye risiti. Ukishaleta mzigo nyumbani, usimruhusu fundi akate mikanda yote 30 asubuhi. Abandike mitatu kwanza, asimame, uitazame kwa mwanga wa dirishani na kwa taa. Kasoro ya kiwandani huonekana hapo, na dai la kurudishiwa karatasi baada ya mikanda mitatu lina nafasi ya kusikilizwa kuliko baada ya chumba kuisha. Lebo moja moja zihifadhi pamoja na mabaki yaliyozidi mita moja. Soketi ikihamishwa mwakani, kiraka kitatoka humo.